Mbu wa Mbugangari

Sijawahi kumpenda mama mkwe wangu, na sioni kwa nini nianze leo kwa sababu tu amekwisha kuzikwa. Waliokuja msibani walimsifu: mwanamke wa kazi, mama wa mtaa, Muislamu safi. Yote kweli. Lakini mimi nilikula naye chungu kimoja mtaani Mbugangari, mjini Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, na nikimkumbuka ninamwona mlangoni mwa duka lake, mkono kiunoni, akiwaambia wateja kwa sauti ya kufika barabarani:

"Mi sichanganye mayi. Ni mukazana wangu anapima. Mumuulize yeye."

Mukazana ndiye mimi, mke wa mwanawe. Na hayo maji aliyokuwa akiyasema ni yale ambayo watu walidai tunaongeza kwenye dawa ya mbu.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani. Tulirudi baada ya vita. Nikaolewa Gisenyi na fundi cherehani mpole, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Mamake alikuwa amekwisha kumchagulia mke mwingine, msichana wa Goma, ng'ambo tu ya mpaka, kwa watu aliowajua yeye. Mimi nilikuja na sanduku la bati na Kiswahili ambacho hakukivumilia.

"Unaongea sawa redio," aliniambia wiki ya kwanza, yaani kama redio. "Hapa tunaongeaka Kiswahili ya batu."

Duka lake lilikuwa dogo: sabuni, mafuta ya taa, chumvi, betri, na juu ya rafu, chupa za dawa ya kuchovya vyandarua zilizokuwa zikitoka Goma. Kuchovya kulifanyika uani kwetu. Wanawake walikuja na vyandarua vyao kutoka Mbugangari kote, wengine hata kutoka Nengo, mtaa wa kule juu, tukamimina dawa kwenye beseni la maji, tukakamua chandarua ndani yake na kukitandika mkekani kivulini kikauke. Mwanzoni alikuwa akifanya mwenyewe. Lakini dawa ile ilikuwa ikimwasha uso kama amepakwa pilipili, basi glavu akanipa mimi. Nikawa mpimaji. Kifuniko cha chupa kilikuwa na alama, nami nilijaza mpaka kwenye alama, si chini yake. Sikuwa na sababu ya kuiba dawa. Ningeipeleka wapi?

Kwa muda dawa ilifanya kazi. Asubuhi ulifagia mbu waliokufa chini ya kitanda kama unavyofagia makapi ya mchele. Halafu ikaja mvua kubwa, na pamoja nayo manung'uniko.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka yetu, na mdomo wake ulikuwa karibu zaidi. Alikuja na chandarua kimekunjwa kwapani, akakibwaga mbele ya duka.

"Izi mbu zinatua juu ya neti yenu," alisema. "Zinapumzika. Zinapangusa miguu. Zinaona sawa banaziwekea kiti. Mutoto wangu iko na malaria, ya pili hii. Mumeweka nini mule ndani, chai?"

Mama mkwe hakupepesa jicho. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza yale maneno: mukazana anapima, mumuulize yeye. Muuza sambaza akanigeukia. Wanawake watatu waliokuwa wakinunua sabuni wakanigeukia. Nikasema napima mpaka kwenye alama. Muuza sambaza akanijibu kuwa mwizi naye hupima.

Nilimngoja mama mkwe mpaka tukabaki wawili.

"Mama, unajua sichanganyi maji."

"Mi najua nini? Mi sikuzaa wewe."

Baada ya siku hiyo kila aliyeumwa na mbu Mbugangari alijua nani wa kulaumu. Kisimani waliacha kunisogezea ndoo. Mtu mmoja aliita watoto wake waondoke karibu nami, kama nina upele. Mume wangu nilimwambia yote. Alisikiliza, akaendelea kukanyaga cherehani, akasema mamake ana hasira za karibu zitakazopita. Hazikupita.

Kisha binti yangu, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, akashikwa na homa. Alilala chini ya chandarua nilichokichovya kwa mikono yangu, nikakitandika mwenyewe, nikakichomeka mwenyewe chini ya godoro. Hakuna aliyenisimamia na hakuna aliyenitazama. Kama kuna chandarua kimoja duniani nilichokijua kilikuwa na dawa kamili, ni kile. Na mbu watano walikuwa wamekaa juu yake asubuhi ile, matumbo mekundu. Mmoja alikuwa kwa ndani. Nilimponda, damu ya mwanangu ikanibaki kiganjani, na nikajua kwamba tatizo haliko kwenye kifuniko.

Mtoto alipona. Nilikuwa bado nampeleka kituo cha afya kumalizia dawa nilipomkuta pale mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akigombana na mwuguzi juu ya chumba cha kulelea mbu. Alikuwa daktari wa wadudu kutoka Butare, amekuja kutafuta kwa nini mbu hawafi tena kwa dawa. Alitaka mtu wa kumletea viluwiluwi, yaani watoto wa mbu walio majini, kutoka mashimo na madimbwi ya kuanzia Mbugangari hadi karibu na Nyundo. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kukataa, maana zilikuwa siku za wasiwasi, waasi wakivuka mpaka, na mwanamume anayeinama vichakani na chupa alionekana ana lake jambo.

"Mimi nitakwenda," nikasema.

Alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Unajua kiluwiluwi cha mbu wa malaria kinavyokaa majini?"

"Sijui."

"Basi usiseme utakwenda. Sema utajifunza."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu mzuri, na sikumtaka awe. Alinifundisha kwamba kiluwiluwi cha mbu wa kawaida huning'inia kichwa chini, na kile cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti. Alinifundisha kuchota kwa upawa bila kutia kivuli changu kwenye dimbwi. Siku niliyoacha chupa juani na viluwiluwi vyote vikafa, alinitukana kwa Kifaransa na kwa Kinyarwanda, kisha akanirudisha palepale nikachote vingine.

Mashimo waliyochimba watu wa matofali ndiyo yaliyokuwa na viluwiluwi vingi. Mengine yalikuwa pembeni mwa mashamba ya kabichi na vitunguu, ambako wakulima waliosha mabomba yao ya kupulizia dawa. Maji yalikuwa na utando unaong'aa, na harufu niliyoijua. Nilidhani viluwiluwi vitakuwa vimekufa humo. Vilikuwa vinacheza.

Siku moja nilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mlinzi akachukua chupa yangu, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii nini?"

"Watoto wa mbu."

"Watoto wa mbu unawapeleka wapi?"

"Kwa daktari."

Akanirudishia chupa, akaniambia ninywe, aone kama si sumu. Nilidhani anatania, lakini hakucheka. Nilikunywa funda moja. Nilihisi kitu kikijipinda ulimini. Alinitazama nikimeza, kisha akanifungulia njia, na mimi nilitapika nilipopita kona.

Chumba daktari hakupata. Basi tuliwalea mbu katika stoo ya nyuma ya kibanda cha cherehani cha mume wangu. Hilo alilifanya yeye bila kuulizwa mara mbili: aliunda fremu za mbao, akazishonea kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, akaweka mkono wa shati mbele ili niingize mkono bila mbu kutoka. Hakusema yuko upande wangu. Lakini alishona mshono wa kufa na kuzikana. Humo ndani viluwiluwi vilikua kwenye sahani, nikivilisha unga wa biskuti, vikawa mbu, na mbu nikawawekea pamba yenye maji ya sukari.

Ni hiyo sukari iliyoniponza. Mtu alichungulia dirishani.

Walikuja mchana, baada ya sala ya adhuhuri, wanawake kama kumi, muuza sambaza mbele. Mume wangu alikuwa amekwenda kuchukua vitambaa. Nilisikia mlango ukigongwa na ngumi, nikafungua kabla haujavunjwa.

"Batu banalia malaria, we unafuga mbu!" muuza sambaza alisema. "Unazipa sukari! Watoto betu banakosa sukari mu chai, weye unapatia mbu!"

"Ni wa kupimwa. Daktari anataka kujua kwa nini hawafi."

"Zitakufa aje wakati we unazikamuliaka maziwa?"

Nyuma yao nilimwona mama mkwe. Hakuwa amekuja kunitetea wala kunishambulia. Alisimama pembeni, mikono imekunjwa, akitazama kama anatazama mvua. Nilimwita: "Mama, waambie!" Akasema, "Mi nilikukataza hii kazi," akageuza uso.

Muuza sambaza alinisukuma, akaingia. Alilishika boksi la kwanza akalirarua kwa kucha. Mbu walitoka wingu zima. Nikamshika kitenge, akanishika nywele, tukaanguka juu ya sahani za viluwiluwi, maji yakamwagika, na wanawake wengine walikuwa wanapiga mayowe wakijipiga mapaja na shingo maana mbu wenye njaa hawachagui mkosaji. Nilimng'ata mkono. Alinipiga kofi ambalo nililisikia likilia sikioni mpaka jioni. Kazi ya majuma ikaisha hivyo.

Kiongozi wa mtaa alituita wote kesho yake. Daktari alikuja amekasirika kuliko mimi. Alitaka muuza sambaza aadhibiwe. Kiongozi, mwanamume mzee mwenye baridi ya mifupa, alikataa kumwadhibu mtu yeyote. Alisema: mambo ya kufichwa stoo ndiyo yanayoleta mayowe. Ama mbu hao wapimwe hadharani, kila mtu aone, ama waondoke kwenye mtaa wake.

"Watapimwa hadharani," daktari akasema. "Na dawa itakuwa ya duka hilohilo."

Mama mkwe akainua kidevu. "Nitaleta chupa mupya. Haijafunguliwa. Mutafungua nyinyi benyewe. Batu baone nani iko anaweka mayi."

Aliponitazama akisema hivyo, nilielewa. Aliamini kabisa kwamba ni mimi. Siku zote nilikuwa nimefikiri ananisingizia ili kulinda duka. Kumbe aliamini. Hilo liliniuma kuliko uongo.

Nilirudi mashimoni, nikachota upya, nikalea upya, safari hii mlango ukiwa wazi, watoto wakichungulia watakavyo. Mbu walipokuwa tayari, daktari akarudi kutoka Butare na vikombe vya karatasi vilivyofunikwa kitambaa na kuzungushiwa taulo lenye unyevu. Ndani yake walikuwamo mbu wa maabara, ambao mababu zao hawakuwahi kukutana na dawa yoyote.

Siku moja kabla ya kupima tulichovya chandarua uani. Mama mkwe alivunja kizibo cha chupa mpya kwa meno yake mbele ya wote. Safari hii sikupima mimi, alipima muuza sambaza, huku kiongozi akiangalia alama. Chandarua kilipokauka, kiongozi alikwenda nacho kwake akakifungia.

Asubuhi ile uwanja ulijaa. Daktari alikitandaza chandarua, akakiwekea faneli mbili za plastiki, mdomo mpana chini. Kwenye moja akapuliza mbu wa maabara, kwenye nyingine mbu wetu wa Mbugangari. Hawakukaa humo sana. Akawarudisha kwenye vikombe, kila kundi na chake, tukangoja.

Mbu wa maabara walianza kuyumba kama walevi. Chai yangu haijapoa walikuwa chali, miguu ikitetemeka. Kwenye kikombe cha mbu wetu wachache walianguka, na kati ya hao wengine wakainuka tena. Waliobaki walitembea ukutani mwa kikombe. Kiongozi akaweka vikombe vyote kabatini kwake mpaka kesho, na kesho ilipofika, wa maabara walikuwa vumbi. Wetu walikuwa wanaruka. Mmoja alikuwa ameketi kwenye pamba ya sukari, ananyonya.

Muuza sambaza aliinama juu ya vikombe, akavitazama kimoja kimoja. Kisha akasema: "Kumbe dawa iko muzuri. Mbu ndiyo mubaya."

"Dawa ni ileile," daktari alisema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu anayewafundisha wasiotaka kufundishwa. "Mbu si wale wale. Hawakujifunza kitu, wala hawakuzoea kama mtu anavyozoea pombe. Zamani, kati ya mbu wengi, walikuwamo wachache waliozaliwa na mwili unaovumilia dawa hii. Mlipopuliza, wengine wote walikufa, hao wachache wakabaki. Nani akazaa? Wao. Mkapuliza tena, wakafa waliobaki dhaifu, wakazaa wagumu. Sasa mtaa mzima ni watoto wa wale wachache."

"Neti zetu ndizo zimefanya hivyo?" kiongozi aliuliza.

"Neti, na hiki." Daktari aliingia dukani bila kuomba ruhusa, akatoka na chupa nyingine, ile ya kupulizia kabichi. Mama mkwe alikuwa akiwauzia wakulima tangu kabla sijaolewa. "Majina mawili, lakini ndani ni ndugu wa tumbo moja. Wakulima wanaosha mabomba kwenye mashimo ambamo mbu wanazaliwa. Mtoto wa mbu anayetoka hai kwenye maji yale, neti yenu atamfanya nini?"

Mama mkwe alimpokonya ile chupa. "Unasema mi ndiye nilizifuga izi mbu?"

"Wewe umeuza. Wao wamepuliza. Sisi wa serikali na miradi tumewaambia wachovye, wachovye, bila kupima. Chukua fungu lako, usichukue lote."

Nilitazama uso wa mama mkwe na nilifurahi. Nasema ukweli: nilifurahi. Nilingoja pia mtu aniombe radhi, angalau yule niliyemng'ata. Muuza sambaza alichukua beseni lake la samaki, akaniambia nina meno ya mbwa, akaenda sokoni. Wengine wakatawanyika wakibishana juu ya kabichi.

Baada ya hapo hakuna aliyeleta chandarua kuchovywa. Hilo silo walilomaanisha wenye elimu. Daktari alikuwa amesema watafute dawa ya ukoo mwingine, na kwamba chandarua kizima bado kinazuia hata kikiwa kitupu. Lakini mtaa ulisikia jambo moja tu: dawa imekufa. Chupa zilikaa rafuni zikishika vumbi. Hata sabuni wakaanza kununua kwingine.

Mama mkwe alinijia jikoni, akasimama juu yangu nikimenya viazi.

"Afazali ungekuwa mwizi," alisema. "Mwizi batu banamusahau. Nilikuwa ninawaambia: mukazana wangu ni mwizi, nitamufukuza, mutarudi. Sasa nitamufukuza nani? Mbu?"

"Ulikuwa tayari kunifukuza?"

"Eh. Ningekufukuza ile mwezi."

Nilimuuliza kama anajua sasa kwamba sikuchanganya maji. Akasema anajua. Alisema kama mtu anayetema mbegu. Kisha akalichukua lile beseni la kuchovya, akalitupa uani, likabingirika mpaka ukutani. Mume wangu aliliona kutoka kibandani. Jioni ileile aliniambia nifungashe. Tulihamia chumba kimoja Nengo, yeye akawa anashuka kila siku kushona, na cherehani ikabaki palepale, karibu na mamake, maana hakuwa mtu wa kukata kitambaa chote.

Nilifanya kazi na daktari mpaka alipohamishiwa mkoa mwingine. Tulipima dawa ya aina nyingine. Kwa ile, mbu wetu walikufa. Alikuwa ameridhika, lakini hakutabasamu. Alisema tu, "Kwa sasa," akaandika, akafunga mkoba.

Mvua iliyofuata mama mkwe mwenyewe alishikwa na malaria. Mume wangu alinipeleka, si kwa kuniomba, kwa kunishika mkono na kutembea. Tulimkuta anatetemeka chini ya blanketi mbili, na juu yake chandarua chenye matundu ambayo kuku angepita. Nilichukua sindano, nikapanda kitandani miguuni pake, nikaanza kuziba.

"Acha," alisema. "Neti yako haiue kitu. Ulisema mwenyewe mbele ya batu."

"Haiui, Mama. Inazuia. Ukiichomeka vizuri."

"Unashona mubaya. Mutu ataona sawa nimeolesha mwanangu kwa kipofu."

Niliendelea kushona. Alihesabu makosa ya kila tundu mpaka usingizi ukamchukua. Siku ya tatu homa ilishuka, akakaa, akaomba chai ya tangawizi. Nilimpikia. Alionja, akasema sukari imezidi. Nikachukua kikombe, nikamwaga chai uani, nikampikia nyingine bila sukari kabisa, nikaiweka mbele yake na kupanda zangu Nengo.